Tungule za Ukunda, Mabenda ya Msambweni

Barabara itokayo Likoni kuelekea Lunga Lunga ni soko moja refu lisilo na paa. Ukishavuka feri na kuliacha nyuma zogo la Likoni, waanza kuziona meza za mbao chini ya miembe na mikorosho. Hapa pana madafu, pale muhogo, mbele kidogo mafungu ya machungwa ya Shimba Hills, na karibu kila kituo cha matatu pana tungule zilizopangwa vilima vilima, nne kwa nne, zikimeremeta kwa jua la asubuhi. Njia hii tumeipita miaka mingi tukienda maulidini, harusini na maziko, na kila mara haraka ya shughuli imetupitisha. Safari hii shughuli yenyewe ilikuwa zile meza.

Sababu ni swali ambalo kwa miezi sasa hutufikia baada ya darsa, hasa kutoka kwa akina mama. Wasema wamesikia kwamba mboga za siku hizi zina mabaki ya dawa za wadudu, na kwamba katika maduka ya Diani ziko ziitwazo oganiki, ila bei yake ni mara mbili. Mama mwenye watoto watano na shilingi 300 za mboga na kitoweo kwa siku afanye nini? Tena wako, na hili ndilo lililotuondolea utulivu, ambao kwa hofu wameanza kuwapunguzia watoto mboga kabisa, wakaona ni salama zaidi mkate na chai. Tulifuatana na mama watoto, kwani katika mambo ya mboga jicho lake ni kali kuliko letu.

Tulianzia Ukunda. Soko lilikuwa limechangamka, na kijana mmoja alikuwa akizipangusa tungule zake kwa kitambaa, moja baada ya moja. Zilikuwa na unga mweupe kwenye kikonyo na mabegani, na palipopita kitambaa paling'aa. Tulimuuliza zatoka wapi. "Hizi ni za Taveta, maalim. Zile za Loitokitok. Zikiadimika twaletewa za Lushoto." Tukamuuliza zilipigwa dawa lini. Alicheka kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa siku ya kuzaliwa ya mbuzi wa jirani. Naye hakuwa na kosa, maana tungule hupita mikononi mwa mkulima, dalali, dereva na mchuuzi wa jumla wa Kongowea kabla ya kuifikia meza yake, na katika safari hiyo yote hakuna karatasi inayosafiri nazo.

Unga ule aghalabu ni dawa ya kuvu, na katika shamba la tungule iliyozoeleka sana ni mankozebu. Umoja wa Ulaya uliamua mwezi Desemba 2020 kutoendelea kuiruhusu kwao. Hata hivyo unga unaoonekana una afadhali yake, kwa kuwa umekaa juu ya ngozi na waweza kutoka. Ziko dawa nyingine ambazo mmea huzinywa zikaenda na utomvu hadi ndani ya tunda, nazo hazina rangi wala harufu, na maji hayazifikii. Wakulima wa tungule walizidi kuzikimbilia dawa tangu mwaka 2014, alipoingia Kenya yule nondo mdogo aitwaye Tuta absoluta, ambaye kiwavi wake hutoboa jani na tunda na aweza kuliangamiza shamba zima. Mkulima aliyekopa mbegu na mbolea hamngojei nondo huyo kwa subira.

Sheria haikulisahau jambo hili. Tangu Sheria ya Bidhaa za Kudhibiti Wadudu ya mwaka 1982 iko bodi ya serikali inayosajili kila dawa, na kila chupa hupasa kubandikwa lebo inayotaja siku za kusubiri, yaani siku ambazo lazima zipite baina ya kupiga dawa mara ya mwisho na kuvuna. Dawa nyingine husubiriwa siku tatu, nyingine saba, nyingine kumi na nne au zaidi. Katika siku hizo jua, umande na mmea wenyewe huivunjavunja dawa mpaka ibakie kidogo. Ukivuna kabla, mlaji amekula kile ambacho kilipaswa kufia shambani. Basi siri nzima ya mabaki imo zaidi katika siku hizo kuliko katika jina la dawa, na ndizo siku ambazo bei ya soko huzila. Tungule zikipanda bei Jumatano, nani atangoja Jumanne ijayo?

Wanavyuoni wametusimulia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyoupita mrundo wa nafaka sokoni, akaingiza mkono ndani yake na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Tulikikumbuka kisa hiki pale Ukunda, kwa kuwa mabaki ya dawa ni umajimaji usioshikika kwa vidole. Mwenye kuujua ni mtu mmoja tu, naye ni yule aliyebeba bomba.

Linalouma ni kwamba nchi yetu yajua kupima inapotaka. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulianza kukagua shehena moja katika kila kumi za mishiri na njegere zetu, kwa sababu ya mabaki ya dawa iitwayo dimethoeti. Haukupita muda, matumizi ya dawa hiyo kwa mboga na matunda yakasimamishwa hapa, na wakulima wa mboga za kusafirishwa wakafundishwa kuandika daftarini kila siku ya kupiga dawa. Mshiri wa kwenda Ulaya una daftari. Sukuma wiki ya kwenda Ukunda haina. Mwaka 2019 Mheshimiwa Gladys Boss Shollei, aliyekuwa mwakilishi wa wanawake wa Uasin Gishu, alilipeleka Bungeni ombi la kuziondoa dawa zenye madhara, na mwaka 2025 serikali ikatangaza kuondoa makumi ya bidhaa hizo sokoni na kuwekea mipaka nyingine. Ni hatua njema. Lakini kuondoa jina katika orodha ni jambo moja, na kuiondoa chupa kwenye rafu ya duka la pembejeo kijijini ni jambo jingine.

Kutoka Ukunda hadi ufuo wa Diani ni mwendo mfupi wa tuktuk, ila ni kama kuingia nchi nyingine. Duka tuliloingia, ambalo hatutalitaja, lilikuwa na rafu nzima ya mboga ndani ya mifuko yenye maandishi ya kijani, na spinachi fungu moja kwa bei ya mafungu mawili na nusu ya barabarani. Tulimuuliza binti aliyehudumu ni nani aliyezithibitisha kuwa oganiki. Alikwenda kuuliza, akarudi na jibu kwamba "zatoka kwa msambazaji." Mama watoto aliirudisha spinachi mahali pake.

Hapa yafaa tueleze, kwa kuwa neno oganiki limekuwa kama neno "asili" la wauza mafuta ya nywele. Afrika Mashariki tunacho kipimo chetu cha kilimo hai tangu mwaka 2007, pamoja na alama yake, Kilimohai, jina la Kiswahili kabisa. Mkulima anayeitumia hukaguliwa, ama na shirika la uthibitisho, ama na wakulima wenzake waliojiunga kukaguana mashamba. Alama hiyo ikiwapo, au ikiwa wamjua mkulima na shamba lake, neno lina uzito. Visipokuwapo vyote viwili, ni wino juu ya mfuko. Wala kilimo hai si kilimo kisicho na dawa yoyote. Salfa, inayopulizwa kwenye mikorosho dhidi ya ukungu mweupe, hukubaliwa, na dawa za mimea kama mwarobaini hukubaliwa pia. Kinachokatazwa ni zile za viwandani.

Je, tofauti ipo? Ipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya mwaka 2012 tafiti nyingi zilizotangulia, wakaona kwamba mabaki yaligunduliwa katika asilimia 38 ya mazao ya kawaida na katika asilimia 7 ya yale ya kilimo hai. Mapema zaidi, mwaka 2006, ulichapishwa uchunguzi wa watoto 23 wa shule katika eneo la Seattle, Marekani. Walibadilishiwa chakula kikawa cha kilimo hai kwa siku tano tu, na alama za dawa mbili za jamii ya oganofosfeti zikatoweka karibu kabisa katika mikojo yao. Waliporudia chakula cha kawaida, zikarudi. Mzazi apate humo mambo mawili: kwamba kinachomwingia mtoto chatoka sahanini kweli, na kwamba mwili wake hukitoa upesi akipumzishwa nacho.

Adhuhuri tuliisali Kongo, katika msikiti wa kale ulio penye mlango wa mto Mwachema, mibuyu ikiuzunguka na bahari ikisikika kwa mbali. Kwa wasiowahi kufika, twawashauri waende siku isiyo ya watalii wengi. Baada ya sala tulikaa kivulini tukamenya machungwa, na mzee mmoja wa hapo, aliposikia safari yetu, akatuuliza kwa ukali kidogo: "Sasa maalim, mwataka watu waache kula?"

La, hatutaki. Viwango vya juu vya mabaki, ambavyo tume ya FAO na WHO iitwayo Codex, iliyoundwa mwaka 1963, huviweka kwa kila dawa na kila zao, si mstari ambao ukiuvuka unaanguka. Vimewekwa chini sana ya kipimo kinachojulikana kudhuru. Mtu mzima aliyekula kachumbari ya tungule zilizovunwa mapema hatakufa kwayo. Shaka yetu ni kwa wanaokula kidogo kidogo kila siku huku miili yao ikijengwa: mtoto, ambaye kwa uzito wake hula zaidi kuliko babake, na aliye tumboni. Dawa za oganofosfeti huua mdudu kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, na mishipa ya mtoto bado inaumbika. Lakini mtoto anayenyimwa mboga hukosa chuma na vitamini leo hii, bila ya shaka yoyote. Madhara ya kukisiwa hayaondolewi kwa madhara ya yakini. Mzee aliridhika, akaongezewa chungwa.

Msambweni tuliifika alasiri. Huku miembe ya ngowe na boribo ni mikubwa mno hata hakuna bomba lifikalo kileleni, na mwenye embe aliyemenya ngozi hana la kuogopa sana. Adui wa embe ni yule nzi wa matunda aliyegunduliwa pwani yetu mwaka 2003, ambaye taasisi ya ICIPE ya Nairobi imewafundisha wakulima kumtega kwa chambo ndani ya chupa badala ya kumwagia mwembe mzima dawa.

Nyuma ya nyumba za makuti tulimkuta mkulima mmoja wa makamo, ambaye alituonyesha shamba lake bila kusita. Lilikuwa na mabenda, pilipili mboga na tikiti maji kwa ajili ya wanunuzi wa Diani. Pembeni, karibu na kisima, kilikuwa na kitalu kidogo chenye mchicha, mnavu, kunde na matembele, kimezungushiwa miba. Tukauliza mbona kimetengwa.

"Hizo ni za kuuza, maalim," akasema. "Hizi ni za kula."

Hakulisema kama siri, wala kama aibu. Alilisema kama mtu anayeeleza chumba cha wageni na chumba cha watoto. Kitalu cha nyumbani hakikupata kupigwa dawa ya dukani. Mkewe husaga mbegu za mwarobaini, huziloweka usiku kucha, huchuja, na kunyunyizia jioni, kwa kuwa jua huivunja dawa ile haraka. Tulimuuliza kwa nini asiyafanyie mabenda vivyo hivyo. Jibu lake tumelifikiri tangu siku ile, kwa kuwa ndani yake mna kanuni ambayo hatukuiona kwenye orodha yoyote ya Wazungu.

Mabenda, alisema, huchumwa kila baada ya siku mbili, yasipochumwa hukomaa yakawa kuni. Dawa aliyouziwa yataka siku saba. Akipiga dawa na kusubiri, apoteze michumo mitatu. Akichuma, auze dawa pamoja na mabenda. Muhogo hauna shida hiyo, huchimbwa mara moja. Nazi vilevile.

Basi tazama kikapu chako kwa jicho hilo. Tungule, mabenda, pilipili mboga, matango, mishiri na sukuma wiki, vyote huchumwa tena na tena huku mmea ungali ukipigwa dawa, na vyote tunavila na ngozi yake. Sukuma ni nzito kuliko zote, kwa sababu kile kinachopuliziwa ndicho kinachopikwa. Jamaa yake huko Marekani na spinachi zimekuwa juu katika orodha za mabaki za kila mwaka. Kwa upande wa pili viko muhogo, viazi vitamu, vitunguu, nazi, ndizi, papai, nanasi na parachichi, ambavyo ama huvunwa mara moja, ama vina ganda la kutupwa. Kulipa bei ya oganiki kwa ndizi au nanasi ni kulipia ganda la kutupa. Fedha ya ziada, kama ipo, twaonelea iende kwenye majani na tungule, na kwanza katika nyumba yenye mja mzito au mtoto wa chini ya miaka mitano. Kama haipo, mchicha, mnavu, kisamvu na mchunga vinauzwa kwa bei ndogo, na kwa kawaida hakuna anayepoteza pesa kuvipigia dawa. Walizila nyanya zetu kabla ya sukuma kuteremka kutoka bara. Angalizo moja: mchicha wa kandokando ya mtaro wa Ukunda hauna dawa, lakini una uchafu wa mtaro.

Kabla ya magharibi alikuja mpwa wa yule bwana na bomba mgongoni, miguu mitupu, leso kafunga puani. Bomba lilivuja na shati lilikuwa limelowa kiunoni. Tumezungumza sana habari za mlaji, lakini kipimo kinachomwingia kijana huyu jioni moja hakilingani na cha mlaji, kwani dawa hizi hupenya ngozi. Aliye na watu wa kazi hii ajue dalili zake: jasho na mate kupita kiasi, mboni kusinyaa, kutapika, kizunguzungu, pumzi kubana. Avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, akimbizwe hospitali, na chupa yenye lebo ichukuliwe pamoja naye ili daktari ajue anatibu nini.

Kuhusu kuosha, mafakihi hutofautisha maji yanayopita na maji yaliyosimama, na hapa watafiti wamekwenda njia inayofanana. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut kilichapisha mwaka 2000 kwamba kusuuza kwa maji ya mfereji kulipunguza mabaki ya dawa tisa kati ya kumi na mbili zilizopimwa, na kwamba sabuni maalumu za mboga hazikuyashinda maji matupu. Kinachofanya kazi ni kusugua na mkondo. Mwaka 2017 wengine wa Massachusetts waliona kwamba maji yenye magadi laini ya kuokea keki, kwa dakika 12 hadi 15, yaliondoa dawa mbili juu ya ngozi ya tufaha, ila sehemu iliyokwisha kupenya ilibaki. Nyumba isiyo na mfereji imimine kwa kata juu ya chujio, na maji ya kwanza yasinyweshwe kuku.

Kabla ya kuondoka tulimwuliza yule mkulima kama angeweza kuligawa shamba la mabenda mara mbili, nusu ipumzike siku zake huku nusu nyingine ikichumwa, na sisi pamoja na jirani zetu wawili tukanunua moja kwa moja kwake kwa bei inayozidi kidogo ile ya wanunuzi wa Diani. Alihesabu kwa vidole, akamwita mkewe, wakahesabu tena. Alhamisi iliyofuata kikapu kilitufikia kwa matatu, na ndani yake kipande cha daftari kilichoandikwa kwa kalamu ya risasi: upande wa kisimani, siku kumi na mbili. Mama watoto alikisoma, akakiweka kabatini, akayasuuza mabenda vilevile.